Baiskeli ya Mguu wa Nani? Historia Fupi ya Siti Inayopanda na Kushuka



Tangu dada yetu mmoja wa kikundi aanguke na baiskeli kule kwenye mteremko, watu wananiuliza kosa lilikuwa la nani. Wengine wamesema ni breki. Wengine wamesema ni mvua ya juzi iliyochimba barabara. Leo nataka nijibu. Jibu langu litazunguka kidogo, litapita Ujerumani, Goma, Marekani na Rwanda, halafu litarudi hapa hapa. Breki zilikuwa nzima. Kosa lilikuwa kwenye siti, na aliyegawa baiskeli siku ile nilikuwa mimi.

Mnakumbuka tulipata baiskeli za mitumba kutoka kwa shirika moja, kwa ajili ya sisi tunaojitolea kutembelea nyumba za watu. Kati ya zile kulikuwa na moja ya mlimani, tairi nene, na kwenye usukani ina kitufe. Ukikalia siti na kubonyeza kitufe, siti inashuka chini. Ukiinuka na kubonyeza tena, inaruka juu yenyewe. Sote tulishangaa. Kila mtu aliitaka. Mimi nikasema hii ndiyo nzuri kuliko zote, apewe dada mwenye njia mbaya kuliko wote. Nilidhani nimetenda haki.

Dada ni mfupi. Siti ikiwa juu kabisa, miguu yake haikufika kwenye pedali. Basi akawa anaishusha nusu na kuendesha hivyo hivyo, wiki mbili, magoti yanamuuma, hakusema kitu. Siku ile kwenye mteremko aliinuka kidogo sababu ya mashimo, akabonyeza kitufe akitaka siti ishuke zaidi. Lakini uzito wake haukuwa juu ya siti. Siti ikaruka juu. Alipotaka kuweka mguu chini, ardhi ilikuwa mbali. Amepona sasa, Mungu asifiwe, ila kifundo cha mkono bado kinamsumbua.

Nikaanza kujiuliza: hii siti ya kupanda na kushuka ilitoka wapi, na ilitengenezwa kwa mguu wa nani?

MWANZO ILIKUWA MIGUU CHINI

Mwaka 1817, mjini Mannheim, Ujerumani, bwana mmoja Karl von Drais alipanda kitu cha mbao chenye magurudumu mawili. Hakikuwa na pedali wala cheni. Unakikalia, unasukuma ardhi kwa miguu kama mtu anayekimbia akiwa amekaa. Kwa hiyo siti ilikuwa lazima iwe chini. Bila mguu kugusa ardhi, hakuna safari.

Miaka ya 1860 Wafaransa wakaweka pedali kwenye gurudumu la mbele. Hapo ndipo shida ilipoanza. Pedali ikiwa imefungwa kwenye gurudumu lenyewe, ukitaka mwendo mkubwa unahitaji gurudumu kubwa. Gurudumu likakua, likakua, mpaka mwendeshaji akawa amekaa juu kama mtu aliye kwenye ukuta. Ilikuwa na mbio, kweli, lakini jiwe dogo tu likimzuia, anarushwa kichwa mbele.

Mwaka 1885, mjini Coventry, Uingereza, John Kemp Starley akatoa baiskeli aliyoiita Rover. Magurudumu mawili karibu sawa, cheni inazungusha gurudumu la nyuma, na mtu anakaa karibu na ardhi. Waliiita baiskeli ya usalama. Miaka 3 baadaye, Belfast, John Boyd Dunlop akatengeneza tairi la upepo. Ukiangalia baiskeli nyeusi inayopita sasa hivi na mihogo kuelekea soko la Arua, ni mjukuu wa Rover ile. Umbo halijabadilika sana.

Lakini angalia, swali moja halikuisha. Ukikaa chini, mguu wako unafika ardhini, uko salama, ila goti limejikunja na nguvu inapotea. Ukikaa juu, mguu unanyooka, nguvu inakuja, goti linapumzika, ila ukisimama ghafla unaanguka. Mwaka 1967 watafiti wawili wa Uingereza, Hamley na Thomas, walipima jambo hili. Walipata kwamba mtu anatoa nguvu vizuri zaidi siti ikiwa kwenye asilimia 109 ya urefu wa mguu wake kwa ndani, ukipima kutoka pedali ikiwa chini mpaka juu ya siti. Yaani siti nzuri kwa nguvu iko juu kuliko mguu wenyewe! Ndiyo sababu ukikaa vizuri kwa kuendesha, huwezi kukanyaga ardhi na nyayo nzima. Nguvu na usalama vinavutana kwenye nati moja.

HUKU KWETU

Huku Afrika Mashariki watu walijibu swali hilo bila maabara. Boda boda za kwanza zilikuwa baiskeli, pale Busia mpakani mwa Uganda na Kenya, miaka ya 1960. Zilivusha watu na mizigo kutoka mpaka mpaka mpaka, na jina likatoka hapo. Nyuma juu ya keria wakaweka mto wa kukalia abiria.

Pale ninapopeleka baiskeli zetu kuna fundi, mzee Mlugbara wa hapa Dadamu. Nilimweleza habari ya dada, akacheka kwa huruma. Akasema, "Mwanangu, baiskeli ya mzigo siti chini. Mguu wako ndiyo stendi." Halafu akanisimulia mwaka 1980. Wengi wetu hatujui kwamba wenyeji wetu hapa West Nile nao walikuwa wakimbizi. Baada ya Amin kuanguka mwaka 1979, watu wa huku walikimbilia Zaire na Sudan, nchi zile zile ambazo sisi tumetoka. Mzee alivuka mpaka na baiskeli ya baba yake, imebeba godoro, sufuria na mdogo wake. Kabla ya kutoka nyumbani, baba alichukua spana akashusha siti mpaka mwisho. Mzee alikuwa kijana mrefu, alichukia. Baba akamwambia huendi kwenye mashindano.

Na sisi tuliotoka Kongo tuna mfano wetu. Nani hajui chukudu? Kule Goma, tangu miaka ya 1970, watu wanabeba viazi, kabichi, kuni na makaa kwa kinga ya mbao, magurudumu yamefungwa mipira. Inashuka kutoka Kibumba ikiwa na mzigo wa kilo mamia. Hata sanamu yake ya dhahabu ipo mjini, kwenye rondpointi. Chukudu haina siti kabisa. Kwenye mteremko dereva anaweka goti moja juu ya ubao, juu ya kipande cha mpira, na mwili unakaa chini karibu na mzigo. Watu wa Kibumba hawakusoma fizikia ili kujua kwamba mteremkoni mwili unapaswa kushuka. Barabara iliwafundisha.

MLIMA WA CALIFORNIA

Sasa twende Marekani. Karibu na San Francisco kuna mlima Tamalpais. Miaka ya 1970 vijana wa huko walikuwa wanachukua baiskeli kuukuu za chuma, nyingine za miaka ya 1930, wanazipandisha mlimani na kushuka nazo kwa kasi ya wazimu. Oktoba 1976 wakaanza mashindano. Njia ilikuwa ya kilomita kama 3 tu lakini inashuka karibu mita 400. Breki zilikuwa ndani ya gurudumu la nyuma, zikapata moto mpaka grisi inaungua na kutoka moshi. Kila ukishuka mara moja lazima ufungue na kupakia grisi upya. Ndiyo maana njia wakaiita Repack, maana yake pakia tena.

Kati yao walikuwemo Joe Breeze, Gary Fisher, Charles Kelly na Tom Ritchey. Hawa ndio waliozaa baiskeli ya mlimani tunayoijua. Mwaka 1977 Breeze alitengeneza fremu ya kwanza maalum kwa kazi hiyo. Mwaka 1979 Fisher na Kelly wakafungua biashara ya kuuza baiskeli zenye fremu za Ritchey.

Na wao walikutana na swali lile lile la baba wa mzee wetu. Kupanda mlima unahitaji siti juu. Kushuka, siti ikiwa juu inakusukuma kwa nyuma mpaka upitie mbele ya usukani. Jibu lao la kwanza lilikuwa rahisi: badala ya nati ya kufungua kwa spana, waliweka kiwiko cha kufungua kwa mkono. Unafika juu, unasimama, unafungua, unashusha siti, unafunga, unashuka. Mwaka 1984 Breeze na mwenzake Josh Angell wakauza kispringi walichokiita Hite-Rite. Kinafungwa kati ya fremu na chuma cha siti. Ukifungua kiwiko na kukalia, siti inashuka. Ukiinuka, springi inairudisha juu, tena ikiwa imenyooka. Hukuhitaji kushuka kwenye baiskeli.

Miaka ya mwanzo ya 2000 ikaja kampuni ya Gravity Dropper na siti ya kushuka kwa kitufe cha usukanini. Mwaka 2010 RockShox wakatoa Reverb, inayofanya kazi kwa mafuta ndani ya chuma chenyewe, na unaweza kuisimamisha popote unapotaka. Ya kwanza ilishuka milimita 125. Leo kuna za 75, 100, 150, 170, 200 na zaidi. Hata watu wa barabara ya lami waliiga. Machi 2022 Matej Mohorič wa Slovenia alishinda mashindano makubwa ya Milano-San Remo kule Italia. Kwenye mteremko wa mwisho aliwaacha wenzake wote akiwa na siti ya kushuka, na watu wakaanza kuuliza ile ni nini.

KUTOKA MLIMA ULE MPAKA RWANDA

Hapa ndipo historia ilinigusa. Yule Tom Ritchey wa mlima Tamalpais alifika Rwanda mwaka 2005. Akaona wakulima wakisukuma kahawa kwenye baiskeli za mbao, ndugu wa chukudu yetu. Mwaka uliofuata yakafanyika mashindano ya baiskeli za mbao huko huko Rwanda. Ritchey akachora baiskeli ya kubebea kahawa, keria ndefu nyuma, ili mkulima afikishe kahawa mbichi kiwandani kabla haijaharibika. Timu ya baiskeli ya Rwanda ilikua kutoka kwenye kazi hiyo, na mwaka 2012 Adrien Niyonshuti, aliyepoteza ndugu zake kwenye mauaji ya kimbari ya 1994, aliendesha baiskeli ya mlimani kwenye Olimpiki ya London. Alimaliza wa 39. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yakafanyika Kigali, mara ya kwanza Afrika.

Na kuna kamba nyingine. RockShox, watengenezaji wa ile Reverb, ni mali ya kampuni ya SRAM ya Chicago. Mmoja wa waanzilishi wa SRAM, F.K. Day, ndiye aliyeanzisha World Bicycle Relief mwaka 2005 pamoja na mke wake Leah Missbach Day. Shirika hilo ndilo la baiskeli nzito za Buffalo. Kule Zambia waligawa zaidi ya 20,000 kwa watu wa kujitolea waliotembelea wagonjwa wa UKIMWI majumbani. Watu kama sisi kabisa. Buffalo haina kitufe cha siti. Waliotengeneza waliangalia kwanza nani ataipanda, atabeba nini, na ikiharibika nani ataitengeneza. Mimi nilipogawa baiskeli zetu niliangalia kitufe.

NAMNA YA KUCHAGUA

Sasa kwa wale wenye baiskeli ya mlimani, au mnaopelekewa kama sisi. Watu wengi wanadhani siti inayoshuka zaidi ndiyo bora. Mimi pia nilidhani. Lakini hesabu ni hii, na inahitaji futi ya fundi cherehani tu.

Kwanza, pima mguu. Vua viatu, simama ukutani, weka kitabu katikati ya mapaja kikubane kidogo juu, pima kutoka juu ya kitabu mpaka chini. Zidisha kwa 1.09. Huo ndio urefu kutoka pedali ikiwa chini mpaka juu ya siti. Mguu wangu ni sentimita 82, kwa hiyo siti yangu ni kama 89. Mguu wa dada ni 68, siti yake ni 74. Mnaona? Kati yetu kuna sentimita 15, na niliwaza baiskeli moja itatufaa wote.

Pili, weka siti kwenye urefu huo, halafu pima kutoka pale chuma cha siti kinapoingia kwenye fremu mpaka kwenye vyuma viwili vya chini ya siti. Nafasi hiyo ndiyo uliyo nayo. Siti ya kushuka inakula nafasi hiyo kwa njia mbili: urefu wake wa kushuka, na kichwa chake pamoja na shingo yake ambavyo havishuki kamwe. Kwenye ile yetu kichwa na shingo ni milimita 45. Pima yako, maana zinatofautiana. Vikijumlishwa visizidi nafasi yako.

Kwenye baiskeli ile, mimi nina nafasi ya milimita 224. Ukitoa 45 inabaki 179. Kwa hiyo siti ya 150 iliyopo inanitosha, hata ya 170 ingeingia. Ya 200 isingeingia. Dada kwenye baiskeli ile ile ana nafasi ya milimita 70 tu. Ukitoa 45, inabaki 25! Siti ya 150 kwake ni ndefu kwa milimita 125 hata ukiizamisha yote. Si kwamba hajui kuendesha. Haikuwa yake.

Tatu, angalia ndani ya fremu. Chuma cha siti ya kushuka ni kirefu kwa chini. Kama bomba la fremu limepinda, au lina skrubu za kushika chupa zinazoingia ndani, hakizami chote. Na kipenyo lazima kilingane: 27.2, 30.9 na 31.6 ndizo zinazopatikana sana. Zimeandikwa kwenye chuma chenyewe.

Nne, kwa mtu mfupi, usikimbilie kubadilisha siti kabla ya kuangalia fremu. Ile ina bomba la siti la sentimita 45. Dada akipata fremu ya sentimita 38 anapata nafasi ya milimita 140, na siti ya kushuka 75 inamtosha vizuri. Ni fupi kuliko ile ya kwanza lakini ingemshusha kweli, kwa sababu ingeanza mahali pake.

Na la mwisho, waulize mafundi wa hapa. Siti za mafuta zina mipira midogo ndani inayochukia vumbi, na vumbi letu mnalijua. Ikiharibika hatuna spea. Kwa wengi wetu jibu la vijana wa Repack linatosha: kiwiko cha kufungua kwa mkono.

TULICHOFANYA

Jumamosi iliyopita nilimpelekea mzee fundi baiskeli nyingine, ndogo, ya kawaida. Tulimwita dada aje mwenyewe apimwe, maana mara ya kwanza hakuna aliyemwita. Mzee aliweka kiwiko. Halafu tukafunga utepe wa plasta kwenye chuma cha siti mara mbili: mwekundu kwa kuendesha, mweusi kwa mteremko na kwa mzigo. Ule mwekundu tulihakikisha uko juu ya mstari wa mwisho uliochongwa kwenye chuma, ili mstari ubaki ndani ya fremu, kwa sababu ukivuta siti kupita mstari huo fremu inaweza kupasuka.

Dada alipanda, akazunguka uwanja, akarudi. Nilimwomba msamaha mbele ya mzee. Akaniambia, "Kaka, siku zote mbili zile wiki nilijua haifai. Niliogopa mtasema nimepewa kizuri nikakataa."

Maneno hayo nimeyabeba tangu siku hiyo. Kwa hiyo ndugu zangu wa mashirika, mnaotuletea baiskeli, viatu, vitanda na mengine: tunashukuru, kweli kabisa. Lakini kabla hamjaandika idadi, njooni na futi. Na sisi tunaogawa, tusiulize tu nani anahitaji zaidi. Tuulize mguu wake ni sentimita ngapi, halafu tumwache aseme hapana bila kuogopa.

Mwenye baiskeli ya kikundi, andika hapa chini urefu wa mguu wako na wa mnayeshirikiana naye. Mimi nina futi na plasta, nitapita.